Barua kwa mwanangu anayekwenda kuishi Nkhata Bay, Malawi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika na nimefurahi. Umeniuliza ubebe nini, kwa kuwa mkataba wa mradi wa visima ni wa mwaka mzima na kijiji mlichopangiwa kiko ndani, kusini ya Nkhata Bay, mbali na mji. Orodha yako nimeiona: tambi maboksi kadhaa, maziwa ya kopo, gunia la mchele, mpaka jiko la gesi.

Mama, punguza. Anayeingia kijijini na chakula cha mwaka mzima hana haja ya kupiga hodi kwa jirani, wala jirani hapati sababu ya kupiga hodi kwake. Na wewe unakwenda kwa kazi ya maji. Watakaokwambia kisima kipi hukauka Oktoba, na kipi watu wanakikwepa na kwa nini, ni kina mama wanaochota. Hawatakwambia kwenye mkutano. Watakwambia mkiwa mnamenya muhogo. Kwa hiyo nunua kwao. Dagaa wa Ziwa Nyasa, ambao huko huitwa usipa, utawapata, na ugali wa muhogo wanaouita kondowole utauzoea upesi, maana muhogo umeula tangu mdogo.

Ila tazama majira. Umesema unaanza Januari. Mvua Malawi huanza Novemba hivi na kuendelea mpaka Aprili, na katikati yake, Desemba mpaka Februari, ndiyo miezi migumu kwa nyumba nyingi za wakulima. Mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha ghalani, mapya bado yako shambani, na bei sokoni imepanda. Pwani ya ziwa muhogo huwasaidia, lakini hauondoi shida yote. Mgeni akitengewa chakula wakati huo, inawezekana kabisa watoto wa nyumba hiyo wamepunguziwa, na hakuna atakayekuambia. Ukifika mji wa Mzuzu nunua unga, sukari, chumvi, mafuta na sabuni, umkabidhi mama mwenye nyumba siku ileile ya kwanza, faraghani, kabla hajabandika chungu. Hicho ndicho chakula ninachotaka ubebe, na ni cha kwao.

Sasa afya, na hapa nazungumza kama muuguzi. Umekaa Dar es Salaam miaka mingi. Kinga ya malaria uliyokuwa nayo ulipokulia hapa Kyela imepungua. Usijihesabu mwenyeji wa mbu. Beba chandarua chako mwenyewe chenye dawa na ulale ndani yake tangu usiku wa kwanza. Ukipata homa, pima siku hiyohiyo. Dawa mseto tunayotumia sisi ndiyo inayotumika Malawi pia, ila wao huiita LA, usije ukaona jina geni ukaikataa. Ulizia mapema anakoishi mhudumu wa afya wa eneo lenu, maana serikali yao imewaweka wahudumu wa namna hiyo vijijini, na ulizia kituo kilicho karibu, njia yake na kama mvua huikata.

Kichocho nacho kipo kwenye ziwa hilo, upande wao na upande wetu. Kwa kazi yako huwezi kusema hutagusa maji. Epuka sehemu zilizotulia zenye matete, ndiko konokono wanakokaa. Maji ya kuoga uliyoteka ziwani yakae kwenye ndoo siku mbili kwanza, au yachemshe. Na usikimbilie kumeza dawa siku mbili baada ya kuingia majini: praziquantel huua minyoo iliyokomaa, ile michanga huiacha. Subiri wiki sita hadi nane, upime, ndipo utibiwe. Mwisho wa mkataba pima tena, hata kama hujisikii chochote.

Mavazi ni jambo fupi. Sheria ya Banda, rais wao wa kwanza, iliyowakataza wanawake kuvaa suruali ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini vijijini mwanamke bado huheshimiwa zaidi akiwa amejifunga kitenge. Suruali yako ya kazi vaa, kitenge kiwe juu yake.

Usipime ardhi hata hatua moja kabla hujapelekwa kwa mkuu wa kijiji. Hata kama ofisi ya wilaya imeshatoa barua, mwenye watu ni yeye. Omba mwenyeji akuongoze, piga magoti kama bibi yako alivyokufundisha kuamkia wazee, useme umetoka kwa nani na umekuja kwa nini. Kichewa kitakusaidia sokoni, Kitumbuka ukiwa Mzuzu, ila majumbani mwao watu wa pwani ile ni Watonga. Jifunze maamkizi ya Kitonga kabla hujajifunza kitu kingine chochote. Na likizuka suala la mpaka wa ziwa, ambalo nchi zetu zimebishania tangu enzi za Mwalimu, usilijibu. Wewe uite Ziwa Malawi ukiwa kwao, basi.

Pesa usibebe nyingi mkononi. Sajili laini ya kule ukishavuka mpaka wa Kasumulu, ufungue na akaunti ya pesa ya simu. Taa ya sola na chaja yake, ndiyo, beba, hizo sikukatazi.

Shangazi yako aliyeolewa Karonga nimeshamdokeza. Anasema ulale kwake usiku mmoja, kisha kijana wake akusindikize mpaka Mzuzu, maana gari la kwenda Nkhata Bay utalipata pale. Nitumie tarehe ya safari mapema, na jina la kijiji kama lilivyoandikwa kwenye mkataba, anataka kuulizia kama kuna mtu wa kanisani kwao anayefahamiana na watu wa huko.

Mama yako,
Kyela