Somo, niliruka maji, je sasa nimekanyaga matope?

Barua ya wiki hii imetoka hapa hapa Malindi. Nimeifupisha na kuondoa yale ambayo yangemtambulisha mwenyewe.

"Somo shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Maweni, nafanya usafi kwenye nyumba za wageni kule Casuarina. Nimelelewa kwenye kanisa kali sana, kusuka nywele dhambi, suruali dhambi, redio ya shetani, ukiugua unaombewa tu manake hospitali ni kukosa imani. Tuliamshwa saa 10 alfajiri kuomba kila siku. Nilitoka nikiwa na miaka 22 na sijakanyaga kanisa tena. Sasa kuna mama mmoja Mtaliano anafundisha Ubuddha nyumbani kwake kila Alhamisi jioni, halipishi, tunakaa kwenye mkeka tunafunga macho kisha tunasoma mafundisho kidogo. Nimeenda mara 3. Mara 2 za kwanza nililala usingizi ambao sijawahi. Mara ya 3 wenzangu wakainama mbele ya sanamu, mwili ukaanza kutetemeka nikatoka mbio hata viatu sikufunga, nikalia ndani ya tuktuk mpaka nyumbani. Wanapanga ritriti ya siku 10 za kukaa kimya, simu zinakusanywa, wananiambia itanifaa. Mama yangu yuko Gongoni, akijua nitakuwa nimekufa kwake. Mdogo wangu wa miaka 11 alinipigia kwa simu ya jirani akaniambia mama ameshaanza kushuku, akasema pia walikuwa wamefungishwa siku 2 bila kula. Je, niendelee au niache?"

Mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma jana baada ya Isha, leo asubuhi nikairudia huku mahamri yako jikoni, na mara zote mbili nimesimama pale pa viatu. Mtu anayetoka mbio bila kufunga viatu hajakimbia sanamu, amekimbia kitu ambacho anakijua toka zamani.

Ila kwanza ujue unamuuliza nani. Mimi ni Muislamu, nasali, na sitajifanya kwamba kwangu dini zote ni sawa. Lakini hukuniuliza dini ipi ya haki, umeniuliza kama uko salama, na hilo nnaweza kukujibu bila kukuvuta upande wangu, manake umevutwa vya kutosha. Nlipokuwa mdogo mwalimu wetu wa chuoni alikuwa na henzirani, ukikosea herufi moja anakuchapa nyayo mpaka unarudi nyumbani unatembelea visigino, na nimekaa miaka mingi, hata nshaolewa nina watoto, nikifungua msahafu nyayo zinawaka moto. Ikabidi nijifundishe polepole kwamba fimbo ilikuwa ya yule bwana na maneno yalikuwa ya Mungu. Sikwambii haya nikurudishe kanisani, nakwambia kwa sababu mwili una kumbukumbu zake na hauombi ruhusa, wako siku ile umeona watu wanainama ukakumbuka ulivyokuwa ukiinamishwa. Huna pepo, na pia si dalili kwamba darasa ni baya. Bado hatujui kama ni baya, hilo ndo la kuangalia.

Tuanze na hiyo sanamu basi. Buddha kwa wanaomfuata si Mungu muumba na mwenyewe hakudai hivo. Alikuwa mtu, Siddhartha Gautama, alizaliwa Lumbini ambako leo ni nchi ya Nepal, mtoto wa wakubwa akaacha nyumba na mke na mtoto kwenda kutafuta kwa nini binadamu anateseka, na wanasema jibu alilipata akiwa amekaa chini ya mti pale Bodh Gaya, India. Kwa karne kadhaa baada ya kufa kwake wachongaji walikuwa hawaweki hata umbo lake, wanaweka nyayo, gurudumu, mti au kiti kitupu, sanamu zikaja baadaye. Wanaoinama wengi watakwambia ni shukrani kwa mwalimu. Mama yako atakwambia ni kuabudu sanamu, na kwa dini yake na yangu pia jambo hilo ni zito, sitakuficha. Lakini hulazimiki kuinama ndo usikilize. Alhamisi ukienda, kabla watu hawajajaa, mwambie yule mama kwa maneno machache, "mimi siinami, ntakaa tu", halafu mtazame uso.

Hapo ndo utamjua. Akisema sawa mwanangu na akaendelea na mambo yake, na wiki ya pili hajakurudia, huyo unaweza kumsikiliza. Akianza kukueleza kwamba nafsi yako ndo inayopinga, kwamba hujakomaa, kwamba wenzio wote walianza hivo kisha wakaelewa, basi chukua viatu vyako, na mara hii vifunge taratibu, hakuna anayekukimbiza.

Sisi watu wa Malindi hili hatuna haja ya kusimuliwa na mtu wa mbali. Shakahola iko hapo nyuma yetu, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula mpaka wakafa. 2023 tumeona magari yakileta maiti mochari ya hapa mjini wiki baada ya wiki, zaidi ya miili 400 imefukuliwa mule msituni na ndani yake watoto, na mimi mpaka leo nikisikia mtu anasema ati wale walikuwa wajinga nakasirika wallahi, walikuwa watu wanamtafuta Mungu wakakatazwa kuuliza. Na usidhani kwa Wabuddha hakuna mambo ya mwalimu kutumia watu vibaya. Mwaka 2017 wanafunzi 8 wa Sogyal Rinpoche, mwalimu wa Kitibeti aliyejulikana dunia nzima, waliandika barua kueleza alivyokuwa akiwapiga na kuwadhalilisha wanafunzi, hata kingono, akajiuzulu mwaka huo huo. Kwa hivo kuwa huyu mama ni mpole, nyumba ina maua na darasa halilipishwi, hayo bado hayajakwambia kitu. Kwanza kutolipisha ni desturi yao, mafundisho yanatolewa kama sadaka na mwenye kuguswa anachangia, ni desturi nzuri lakini hata mtego hauna kiingilio.

Cha ajabu, hili la kupima mwalimu Buddha mwenyewe alilisema. Kuna kisa chao cha watu wa mji wa Kesaputta, Wakalama, walimlalamikia kwamba kila mwalimu anayepita anasifu yake na kuponda ya wenzake, sasa wao wamuamini nani. Akawaambia wasishike neno kwa kuwa limesikika, wala kwa kuwa limerithiwa, wala kwa kuwa limo kitabuni, wala kwa kuwa anayelisema ni mwalimu wao, watazame wenyewe likifuatwa linazaa nini, likizaa madhara waliache, na wasikilize pia wenye hekima wanasemaje. Muombe siku moja mkisome hicho. Mwalimu anayekifundisha kwa moyo hatakuwa na shida na mtu asiyeinama.

Kuna jambo jingine nataka uliskize vizuri. Wao wana mafundisho ya karma, kwamba matendo yana matunda na mengine yanatoka maisha yaliyopita, na hata jehanamu wanazo kwenye vitabu vyao, ingawa kwao mtu hakai milele. Kwa hivo usiende ukidhani umefika pahali ambapo hakuna hofu kabisa. Na siku mtu yeyote kwenye ule mkeka akikwambia kwamba ulivoteswa utotoni ni karma yako, ondoka na usirudi. Mtoto hakujitakia ile.

Na mama akija kusema ni mambo ya wazungu tu, si kweli. Dar es Salaam pale Upanga kuna hekalu lilojengwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka zama za mkoloni, na Uganda kuna mtawa mzalendo, Bhante Buddharakkhita, aliyelelewa Mkatoliki na mwaka 2005 akaanzisha kituo chao karibu na Entebbe. Ila hata kama ingekuwa ya wazungu, usingizi uliolala ni wako.

Manake ule usingizi mimi siudharau. Mtu aliyeamshwa saa 10 alfajiri utoto mzima akapata kukaa kimya bila kukemewa, atakosaje kulala? Sasa ukikaa tena usifunge macho yote, angalia sakafu mbele yako, wa Zen, tawi moja la Ubuddha, wanakaa hivo hivo macho nusu wazi na hakuna atakayekushangaa. Kaa karibu na mlango. Mwili ukianza kutetemeka simama, tembea, wao wenyewe wana kutafakari kwa kutembea polepole unasikia mguu ukikanyaga. Na ule mtetemeko ukawa unakufata nyumbani usiku, tafuta kaunsela, meditesheni peke yake haitoshi kwa mambo yaliyoingia ndani hivo, wengine huwachimbulia yale yale wakiwa peke yao.

Ritriti usiende. Hapa sikwambii fikiria, nakwambia usiende, angalau mwaka huu. Za siku 10 zinazojulikana zaidi ni zile alizozieneza mwalimu mmoja wa meditesheni, S. N. Goenka, nazo hazina ada na wengi wanatoka wakishukuru, sina ugomvi nazo. Lakini hebu soma utaratibu wenyewe kwa sauti: kengele saa 10 alfajiri, simu umetoa, huzungumzi na mwenzio, jioni mgeni anapewa chai na matunda, na unaombwa usiondoke mpaka siku zimalizike. Mtu mwingine hapo anapumzika na kelele za dunia. Wewe umeishi humo miaka 22, na siku ya 4 yakikushika hakuna hata dada wa kumpigia. Wakikusukuma tena waulize kwa nini wana haraka na mtu aliyekuja mara 3.

Sasa mama. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 32, inakupa uhuru wa kuamini unachotaka na hata kutoamini, lakini katiba haitakaa na mama yako jikoni. Usimdanganye na usimpelekee ripoti pia. Akikuuliza mwambie, "mama najifunza kutulia, na mimi sijaabudu kitu", ambayo ni kweli, na akianza kulia au kukemea usijibu kwa hoja za Buddha, hakuna mama aliyeshindwa kwa hoja akafurahi. Anaogopa utaungua milele, na anaogopa kwa sababu anakupenda, hata kama alivolionyesha pendo hilo limekuumiza. Yote mawili ni kweli na huna haja ya kuchagua moja ndo uishi.

Na sasa ile sentensi uloiweka mwishoni kama jambo dogo. Mdogo wako wa miaka 11 amefungishwa siku 2. Umeandika mistari mingi juu ya sanamu na ya mtoto umeandika mmoja, na sikulaumu, ulipokuwa ndani yake hiyo ilikuwa maisha ya kawaida tu. Lakini mtoto kutoka mpaka kwa jirani kuomba simu, akupigie wewe, anakwambia kitu. Jumamosi hii nenda Gongoni. Beba unga, sukari, mafuta, chochote mtoto wa nyumba hurudi nacho kwa mamake, na usiende na mjadala wa dini. Kaa na mdogo wako, muulize amekula nini leo na jana, muulize wanafungishwa mara ngapi, akiugua anapelekwa wapi. Umuachie namba yako aishike kichwani. Mshukuru huyo jirani na umuachie pia. Ukiona mtoto amekonda au yu mgonjwa hatibiwi, mpeleke hospitali kwanza, maneno baadaye, na upige 116, ile laini ya watoto, ni bure nchi nzima, au uende kwa ofisa wa watoto. Mama atakasirika, pengine miaka. Wewe ulipokuwa na miaka 11 hakuna aliyekuja.

Darasa la Alhamisi litakuwepo wiki ijayo. Ukitoka Gongoni niandikie, niambie umemkuta vipi.