Gari moja, kazini na saketi: matairi niliyofunga, niliyojutia na ambayo ningekushauri

Mkuu, umeuliza ufunge matairi gani, maana gari ni moja, Jumatatu hadi Ijumaa linakupeleka kazini, mara nne au tano kwa mwaka unalipeleka saketi, yaani uwanja wa mbio za magari, na jamaa wamekwambia usihangaike, funga semi-sliki umalize kazi. Nami niliambiwa hivyo hivyo, nikafunga. Ngoja nikusimulie kilichonipata, halafu nikwambie ningefunga nini kama ningekuwa wewe.

Gari langu ni la milango mitano, linavuta kwa mbele, uzito kama kilo 1,250, saizi ya tairi 225/45R17. Seti yangu ya kwanza ya maana ilikuwa semi-sliki, zile zenye mifereji michache na mpira laini unaookota kila kokoto. Saketi zilikuwa raha tupu. Unaingia kona kwa kasi ambayo tairi la kawaida lingekupeleka nyasini, na gari limetulia kama halijaambiwa kitu.

Balaa likaja njiani kurudi nyumbani. Mvua ilianza jioni, nami niko spidi 80 tu, kwenye barabara ambayo malori yameichimba michirizi miwili na yote imejaa maji. Usukani ukawa mwepesi ghafla, kama nimeshika sahani. Injini ikanguruma bila gari kuongeza mwendo. Nilikuwa ninaelea. Niliachia mafuta taratibu, breki sikugusa, mikono nikaiacha imenyooka, na baada ya muda ambao sina hakika nao nikasikia matairi yanagusa lami tena. Kilomita zote zilizobaki nilikwenda spidi 50, malori yananipita na kunimwagia maji kwenye kioo.

Tairi lenyewe halikuwa na kosa. Lilitengenezwa kwa lami kavu, na mifereji yake ilishabaki milimita 3 hivi. Mifereji ndiyo inayoyapisha maji. Ikiwa michache na mifupi, maji yanakosa pa kwenda na tairi linapanda juu yake. Kosa lilikuwa langu: nilichagua tairi kwa ajili ya dakika ishirini za saketi nikasahau saa mbili za barabarani.

Kingine ambacho hakuna aliyenitajia ni joto. Kila mpira una joto lake unalolipenda. Semi-sliki asubuhi ya baridi, umbali wa kwenda kazini, halipati moto kabisa, na likiwa baridi linaweza kushika vibaya kuliko tairi la kawaida. Hata tairi la kiangazi la barabarani huanza kuwa gumu hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na aina za saketi ndizo zinazoumia zaidi. Nyingine haziruhusiwi hata kuhifadhiwa mahali penye baridi ya kugandisha, zinaweza kupasuka. Upande wa pili, tairi la barabarani ukilipeleka saketi linafurahi mizunguko mitatu minne, halafu linachemka na kuanza kuteleza kama limepakwa sabuni.

Ila kuna jambo moja ambalo linanifanya nilitetee tairi la barabarani kwa mtu anayeanza. Linapiga kelele. Ukikaribia mwisho wa uwezo wake linalia kwanza, kisha linateleza polepole, na kati ya kulia na kuteleza una nafasi ya kurekebisha. Semi-sliki nyingi ni bubu. Zinashika, zinashika, zinashika, halafu haupo tena barabarani. Kwa aliyezoea, hiyo si shida. Kwa mtu wa siku nne kwa mwaka, kelele zile ni mwalimu asiyedai ada, na tairi la barabarani likiachia lami unakuwa kwenye mwendo mdogo kuliko ule ambao semi-sliki ingekuachia.

Kwa hiyo yagawe kichwani mafungu matatu. Kuna la barabarani la daraja la juu, mfano Michelin Pilot Sport 4S: linaishi miaka, mvua halijali, saketi linavumilia ukiwa na adabu. Katikati kuna kundi ambalo watu wa saketi wanaliita la 200: Hankook Ventus RS4, Yokohama Advan Neova AD09, Falken Azenis RT660, Bridgestone Potenza RE-71RS, Yokohama A052. Halafu zipo semi-sliki zenyewe, Toyo R888R na wenzake, ambazo kisheria nchi nyingi unaruhusiwa kutembea nazo barabarani, lakini kuruhusiwa ni jambo moja na kufaa ni jingine.

Hiyo 200 ni nini? Matairi mengi yana neno TREADWEAR limechapwa ubavuni pamoja na namba. Ni utaratibu wa Marekani wa kukadiria uchakavu: tairi la kulinganishia lina 100, na lenye 200 kinadharia linachakaa kwa nusu ya kasi ya hilo. Kinadharia, maana namba anaiweka mtengenezaji mwenyewe. Mashindano mengi ya ridhaa yakaweka sharti kwamba tairi lisiwe chini ya 200, basi watengenezaji wakaleta matairi makali mno yaliyochapwa 200 sawasawa. Ndiyo maana A052 na RS4 zote zina 200 lakini ni viumbe tofauti kabisa. A052 ni ya kutafuta mzunguko mmoja wa haraka. Inapata moto upesi, inashika kama gundi, na inakwisha upesi vilevile. RS4 inachelewa kuamka, mwendo wake uko chini kidogo, lakini unaipiga siku nzima na jioni bado ipo. Ukinunua kwa kuangalia namba tu utashangaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko jina la tairi, nalo ni upepo. Seti yangu ya pili ilikuwa ya barabarani, daraja la juu. Siku ya kwanza saketi nilijaza kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, PSI 33 kote, nikaingia. Mzunguko wa kwanza safi. Wa nne, gari likaanza kugoma kuingia kona. Ninakata usukani, pua inaendelea mbele tu. Nikarudi na kupima hapo hapo matairi yakiwa ya moto: mbele kushoto 43, mbele kulia 40, nyuma 38 na 37. Saketi ile kona nyingi zinakwenda kulia, kwa hiyo tairi la mbele kushoto ndilo linalobeba gari zima. Likiwa na 43 linavimba katikati kama puto, linagusa lami kwa ukanda mwembamba, linazidi kuchemka, upepo unazidi kupanda.

Nikapunguza yote hadi 35 yakiwa bado ya moto. Awamu iliyofuata, yaani zamu nyingine ya kuingia uwanjani, nilidhani nimebadilishiwa gari.

Hapa kuna mtego ambao wengi wanauingia. Ile 35 ni ya moto. Likipoa kabisa, lile la mbele kushoto linabaki na 26 hivi. Ukifunga virago jioni ukaondoka bila kuongeza upepo, unakwenda barabara kuu na tairi lililolegea, na kama njiani kuna mvua, tairi lenye upepo mdogo linaelea mapema zaidi. Nunua pampu ndogo ya umeme wa gari na geji yako mwenyewe, uitumie geji hiyo hiyo siku zote. Hata kama inadanganya kidogo, itadanganya vilevile kila mara, na wewe unachotafuta ni tofauti. Andika namba kwenye daftari: baridi, moto, hali ya hewa. Baada ya siku mbili tatu utajua asubuhi uanze na ngapi ili moto ikupe 34 au 35. Hiyo 35 nayo si amri ya mbinguni, ni pa kuanzia kwa gari la uzito wa langu. Pakaa chaki kwenye bega la tairi, kutoka kashata za pembeni (vile vipande vya mpira vinavyogusa lami) kuteremka ubavuni, zunguka mara mbili kwa nguvu, kisha angalia imefutika hadi wapi. Ikifutika ikashuka ubavuni, upepo ni mdogo. Kama kashata za pembeni bado zina chaki, umezidisha.

Seti ile ilikufa mapema hata hivyo, na si kwa sababu ya upepo. Baada ya siku tatu za saketi nilipitisha kiganja kwenye bega la nje la tairi la mbele kushoto nikakuta limeparuzwa kama jibini kwenye kikwaruzo, vinyweleo vya mpira vimelala upande mmoja, wakati bega la ndani lingali na alama za kiwandani. Sababu ni kemba, yaani ule mlalo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele. Gari langu lilitoka kiwandani na kemba chini ya nyuzi 1. Kwenye kona ya nguvu gari linalala, gurudumu linasimamia ukingo wa nje, na ukingo huo unafanya kazi peke yake. Fundi wa alaimenti akanipatia nyuzi 2.2 hasi mbele (juu ya gurudumu imelalia ndani) kwa bolti za kurekebishia, tou, yaani uelekeo wa magurudumu ukiyatazama kwa juu, akaiacha sifuri, na tairi likaanza kuliwa sawasawa. Barabarani sioni madhara makubwa. Ndani linachakaa haraka kidogo, saketi inasawazisha. Fanya hili kabla hujanunua matairi mapya. Tairi la bei kubwa kwenye kemba ya kiwandani ni pesa unazozisugua kwenye lami.

Kuhusu saizi, vijana wanapenda kupanua. Kutoka 225/45R17 kwenda 245/40R17 kipenyo kinapungua milimita 6 tu, hakuna shida hapo. Shida ni rimu. 245/40 inataka rimu ya inchi 8 kwenda juu; ukiibana kwenye 7.5 mabavu yanabonyea ndani, usukani unakuwa mzito kujibu, na faida yote ya upana imepotea. Bora 225 iliyokaa sawa. Soma pia herufi na namba baada ya saizi: 91 maana yake kila tairi linabeba kilo 615, 94 ni kilo 670, V ni kasi ya hadi kilomita 240 kwa saa, W 270, Y 300. Usishuke chini ya alichoandika mtengenezaji wa gari. Na tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi la saketi lililokaa dukani miaka mitano linaweza kuwa na kashata nzima na mpira mgumu kama soli ya buti.

Likiwa jipya, mimi awamu ya kwanza huwa silisulubu. Nalipasha moto, naliacha lipoe hadi kesho yake. Kashata ndefu za tairi jipya zikipata moto zinachezacheza na kumeguka vipande. Baadaye zikifika nusu, tairi linakuwa kali kuliko lilivyokuwa jipya, pakavu. Penye maji ndipo linaanza kuwa adui. Kwa hiyo usijivunie mno muda bora unaoupata tairi likiwa limekwisha. Angalia kwanza utabiri wa mvua wa safari ya kurudi.

Mengine kwa haraka: badili mafuta ya breki kabla ya saketi, maana mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yaliyofyonza unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 wakati mapya yanavuka 230, na tairi linaloshika vizuri linakuruhusu kuzichosha breki zaidi. Kaza nati za rimu kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kila baada ya awamu. Mzunguko wa mwisho nenda taratibu bila breki, na ukiegesha usivute hendibreki diski zikiwa za moto.

Kuna watakaokushauri seti mbili za rimu na matairi, moja ya wiki na moja ya saketi. Ni ushauri mzuri kama una pa kuziweka na gari lenye nafasi ya kubeba matairi manne. Nilijaribu msimu mmoja: unalaza viti vya nyuma, unaondoka alfajiri gari linanuka mpira, unabadilisha manne asubuhi na manne jioni mgongo ukiwa umekwisha. Ukifika siku nane kumi kwa mwaka inalipa. Kwa siku nne, mimi nisingejisumbua.

Kwa hiyo, ningekuwa wewe: kemba kwanza, mafuta ya breki, geji na pampu, kisha tairi la barabarani la daraja la juu kwa msimu wa kwanza. Ukiona unalichemsha kila awamu ukiwa na upepo sahihi, na bega la nje halijaliwa, hapo ndipo umelizidi, nenda RS4 au AD09. Mimi sasa niko kwenye RS4, mwaka wa pili. Kelele zake barabarani ni kama kukaa karibu na mashine ya kusaga. Mke wangu hapandi tena gari hilo kwa safari ndefu. Na mvua ikiwa kubwa bado nashuka hadi 60.

Niandikie gari lenyewe ni lipi, linavuta kwa mbele au nyuma, upana wa rimu zako na kemba uliyonayo sasa, nikukadirie upepo wa kuanzia.