Dume mmoja, majike wawili wa vijito tofauti: niwachanganye?

SWALI

Ndugu mtaalamu, salamu kutoka Kasese, magharibi mwa Uganda. Mimi ni mwalimu wa sekondari na nafuga samaki wa mapambo nyumbani. Jamaa yangu aliyekuja likizo kutoka Ujerumani aliniletea jozi mbili za kilifishi wadogo wa msitu wa mvua wa Gaboni, Aphyosemion cyanostictum, wale wenye madoa ya buluu. Kila jozi ilikuja na mfuko wake. Jina la spishi ni lilelile, lakini jina la mahali na namba iliyoandikwa ni tofauti, kwa hiyo nikawaweka kwenye matangi mawili. Sasa dume mmoja amekufa. Majike wanafanana kabisa. Je, huyu dume aliyebaki nimpe majike wote wawili? Pili, mayai ni machache, na mengi yanageuka meupe na kuota ukungu, ingawa natumia maji ya mvua ninayokinga kwenye mabati kama nilivyoshauriwa. Tatu, nikipata watoto wengi, kuna ubaya gani kuwaachia baadhi yao kwenye kijito cha mlima Rwenzori? Huku nako si kuna msitu wa mvua?

JIBU

Mwalimu, dume abaki na jike aliyekuja naye mfuko mmoja. Yule mjane akae peke yake kwenye tangi lake hadi umpatie dume mwenye jina na namba ileile, hata ikichukua muda. Umefanya la maana kutowachanganya tangu siku ya kwanza, kwani majike wa kundi hili ukiniletea kwenye ndoo moja hata mimi siwezi kukuambia yupi ni yupi. Wote ni wa kahawia na wana vidoa vidogo, basi. Rangi za kujivunia ni za madume.

Samaki wako ni wa kundi liitwalo Diapteron. Wapo wanaolihesabu kuwa jenasi inayojitegemea, wapo wanaoliweka ndani ya Aphyosemion. Kwa mfugaji haidhuru. Kundi lina spishi tano: cyanostictum, georgiae, fulgens, abacinum na seegersi. Wote ni wadogo, sentimita 3 hivi, na kwao ni bonde la mto Ivindo, kaskazini-mashariki mwa Gaboni, maeneo ya Makokou na kuendelea. Ivindo wenyewe ni mto mkubwa wa maji meusi unaomwaga katika mto Ogooué, lakini hawa hawakai humo. Wanakaa kwenye vijito vya ndani ya msitu, pembeni, penye majani yaliyooza na mizizi, maji yakikufika kwenye kifundo cha mguu tu, na jua haliingii. Ukisimama katikati ya kijito huwaoni. Ukichota kwa chujio chini ya ukingo, ndipo unawapata pamoja na kamba wadogo na matope.

Hapo ndipo jina la mahali linapopata uzito. Kwa samaki wa sentimita 3, mto mkubwa ni kama barabara kuu ya kwenda mpakani Mpondwe kwa kifaranga wa kuku: anaweza kuvuka, ila wengi hawafiki. Kuna samaki wakubwa wanaokula wadogo, kuna mkondo, na hakuna majani ya kujifichia. Kwa hiyo jamii ya kijito kimoja inaweza kukaa vizazi na vizazi bila kupokea damu ya kijito cha pili, hata kama vyote vinaishia mto uleule. Kila jamii inajiendea njia yake. Wakati mwingine tofauti inaonekana, mathalani dume wa huku ana wekundu mwingi kwenye mapezi kuliko wa kule. Wakati mwingine haionekani kabisa kwa macho, na hiyo ndiyo ya hatari.

Jørgen Scheel wa Denmark alitumia miaka mingi ya karne iliyopita kuwapandanisha kilifishi wa Afrika Magharibi na Kati na kuhesabu kromosomu zao, yaani vijiuzi vya urithi vilivyomo ndani ya seli. Alionyesha kwamba samaki wanaofanana sura wanaweza kuzaa machotara tasa, au wasizae kabisa. Katika kundi jirani la Chromaphyosemion, linaloishi ukanda wa pwani wa Afrika Magharibi na Kati, idadi ya kromosomu inatoka 20 hadi 40 kati ya samaki ambao mtu wa kawaida angewaita ndugu. Ukiwapandanisha wa aina hiyo, unaweza kupata watoto wazuri wenye afya. Shida inakuja wakikomaa: unagundua hawana mayai wala mbegu, na wale wa asili umeshawapoteza.

Nisieleweke vibaya, siabudu lebo. Majina mengi ya mahali yametokana na madaraja. Mkusanyaji anaendesha gari kwenye barabara ya msituni, anasimama kila panapokatiza kijito, anateremka na chujio, anaandika kijiji kilicho karibu, mwaka na namba ya kituo. Ndiyo maana ramani ya kilifishi inafuata sana ramani ya barabara. Inawezekana kabisa mifuko yako miwili ilitoka madaraja mawili ya kijito kimoja, na samaki ni jamii moja. Lakini wewe na mimi hatuwezi kujua hilo tukiwa sebuleni. Jamii mbili zilizotenganishwa zinaweza kuunganishwa siku yoyote ikithibitika ni moja. Zilizochanganywa hakuna wa kuzichambua.

Kwa hiyo andika jina na namba kwenye kila tangi kwa kalamu isiyofutika, na kila tangi liwe na chujio lake na nyuzi zake za kutagia. Hili la nyuzi watu hulisahau. Yai la kilifishi linanata. Ukihamisha nyuzi kutoka tangi hili kwenda lile, umehamisha na mayai mawili matatu, na baada ya miezi sita una samaki asiye na ukoo. Utaniuliza kuhusu kuzalisha ndugu kwa ndugu. Ndiyo, ukianza na jozi moja huna njia nyingine, na vizazi vichache vya mwanzo kwa kawaida huenda vizuri. Bado ni afadhali kuliko kuchanganya. Mwambie jamaa yako awasiliane na aliyempa samaki. Huko Ujerumani wafugaji wa kilifishi wana chama na hupeana mayai, na yai linasafiri vizuri kuliko samaki.

Sasa mayai yako. Nadhani una matatizo mawili na yote yametoka Kasese, si Gaboni.

La kwanza ni joto. Diapteron wamezoea kivuli na maji ya nyuzijoto 20 hadi 23. Ikipita 25 kwa siku nyingi, dume anapoteza hamu, mayai yanapungua na mengi hayarutubishwi, na samaki wenyewe wanazeeka haraka. Ungekuwa Fort Portal, penye ubaridi, ningekuambia uwaweke popote ndani ya nyumba na usahau. Kasese, chini ya mabati, mchana maji ya tangi dogo yanaweza kufika 28 au zaidi. Shusha tangi likae sakafuni kwenye saruji, katika chumba kisichopigwa na jua la alasiri. Elekeza feni ndogo ipulize juu ya maji, kifuniko kiwe cha wavu. Maji yanayopaa yatashusha joto kwa nyuzijoto mbili au tatu. Jazia yaliyopungua kila siku. Umeme ukikatika, chupa ya soda yenye maji yaliyogandishwa inasaidia, ila usitumbukize barafu moja kwa moja. Nunua kipimajoto, na ukisome saa tisa alasiri. Asubuhi kila tangi linaonekana zuri.

La pili ni hayo mabati. Aliyekushauri maji ya mvua hakukosea, maana maji ya kwao ni laini sana na yana uchachu kidogo. Lakini mabati ya kawaida yamepakwa zinki, na maji ya mvua huichukua. Katika maji magumu chokaa humkinga samaki kwa kiasi. Katika maji laini ya mvua hakuna kinga hiyo, na zinki kidogo inatosha kudhuru mayai na watoto kabla hujaona dalili yoyote kwa wakubwa. Kinga mvua kwenye turubai safi la plastiki lililotandazwa nje, au kwenye paa lililopakwa rangi vizuri, na acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi kwanza. Kisha changanya sehemu nne za mvua na sehemu moja ya maji ya bomba yaliyolazwa usiku kucha ili klorini itoke. Mvua tupu haina cha kuizuia isibadilike ghafla. Tupia majani makavu ya mti wa mkungu mawili matatu hadi maji yawe na rangi ya chai hafifu. Rangi hiyo inapunguza ukungu.

Namna ya kuyatunza mayai: kila baada ya siku mbili toa nyuzi, zikamue kidogo, uzichambue karibu na dirisha. Yai zuri ni kijitone angavu, kigumu kuliko unavyodhani; ukilibiringisha kati ya vidole halipasuki. Linalopasuka lilikuwa bovu. Yaweke kwenye kisahani chenye maji ya tangi lilelile, kina cha sentimita moja au mbili, mahali penye giza na baridi, na kila siku ondoa meupe kwa kijiti kabla ukungu haujaruka kwa jirani. Baada ya wiki moja na ushee utaanza kuona macho: vidoa viwili vyeusi, kisha duara la kung'aa linavizunguka, na mtoto anajigeuza ndani. Kuanguliwa ni kati ya wiki mbili na tatu. Wakikamilika na wasitoke, watie kwenye kichupa chenye maji kidogo, ufunge, ukiweke mfukoni mwa suruali na uende kufundisha. Oksijeni ikipungua na maji yakitikiswa, wanaanza kupasua ganda. Ukirudi mapumziko, kifungue uwatazame. Chakula cha siku za mwanzo ni vijidudu vya maji ya majani yaliyooza, kisha artemia (vijikamba vidogo sana vya maji ya chumvi) waliototolewa leo. Viluwiluwi vya mbu waachie wakubwa, tena vile vidogo.

Na sasa la Rwenzori. Hapana, Mwalimu, hata mmoja. Msitu wa mvua ni neno la hali ya hewa. Kila kijito kina wenyewe. Uganda inajua gharama ya samaki wageni tangu sangara alipopandikizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na huyo alipandikizwa kwa mpango. Samaki wa tangini hubeba vimelea vya tangini, na wako wamekuja kupitia Ulaya. Halafu hakuna kijito cha Kasese kinachobaki na siri yake. Mliona wenyewe mto Nyamwamba ulivyofurika 2013 na tena 2020. Ulichokitupa juu mlimani kinaishia Ziwa George. Wakizidi, wape wafugaji wengine pamoja na lebo yao.

Kama hamu yako ni kuona tofauti za jamii za vijito kwa macho, huhitaji kwenda Gaboni. Pale msitu wa Kibale, kwenye kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Makerere, mtafiti Lauren Chapman na wenzake wamechunguza kwa miaka mingi samaki mdogo Enteromius neumayeri. Wale wanaoishi kwenye kinamasi cha mafunjo cha Rwembaita, ambako oksijeni ni haba, wana matamvua makubwa kuliko ndugu zao wa vijito vinavyotiririka hapo karibu. Ni spishi moja, msitu mmoja. Kwa hiyo hata kuhamisha samaki wa kienyeji kutoka kinamasi kwenda kijito cha jirani si jambo dogo.

Kilifishi wa kwetu nao wapo. Mashariki na kaskazini kuna Nothobranchius, wa madimbwi ya msimu, ambao mayai yao hungojea mvua ndani ya udongo mkavu: Nothobranchius ugandensis alipewa jina mwaka 1994, N. taiti 2019, N. albertinensis 2020. Mbili za mwisho, kama unavyoona, ni za juzi tu. Upande wako, katika bonde la Ziwa Edward, kuna wale wadogo wenye jicho linalong'aa buluu. Wanafunzi wako wanaweza kuwatafuta bila chujio: msimame jua likiwa mgongoni, mtazame juu ya maji tulivu kando ya nyasi, karibu kabisa na uso wa maji. Utaona jicho kabla ya samaki. Andikeni tarehe, mahali, kina, joto la maji na kama kingo zimelimwa. Kwa kuangalia kutoka njiani hamhitaji kibali. Mkitaka kukamata, ndani ya hifadhi ya taifa mtaanzia kwa Mamlaka ya Wanyamapori, na nje ya hifadhi kwa afisa uvuvi wa wilaya. Mkikuta shamba limelimwa hadi majini, liandikeni pia, maana kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka mita 30 ziachwe kando ya mito midogo, na hapo kivuli kikiondoka, maji hupata joto kama la tangi lako.