Grand Junction hadi Kansas City kwa gari: anza kupanga tambarare

Kila likizo ikikaribia, jamaa zetu wa Colorado hunipigia simu kuulizia njia ya kwenda Kansas City. Wengi wana watoto wadogo na buti limejaa mizigo. Swali la kwanza halibadiliki: "Shemeji, ile milima ikoje?" Huwajibu kwamba milima isiwanyime usingizi. Mlimani dereva ana hofu, kwa hiyo yuko makini. Panapotaka mipango ni tambarare, maana huko barabara imenyooka, macho yanachoka na watu wanalegea.

Njia ni moja tu, barabara kuu ya I-70, karibu maili 850 kutoka Grand Junction, magharibi mwa Colorado. Simu itakuambia ni mwendo wa saa 12 na ushei, na ukiwa kijana unaweza kushawishika kuimaliza kwa siku moja. Usifanye hivyo ukiwa na familia. Wengi hulala Denver kwa sababu ni mji wanaoujua, lakini Denver ni mapema mno: bado unabakiza maili 600 za siku ya pili. Mimi huvuka Denver mchana na kulala Burlington, karibu na mpaka wa Kansas, au mbele kidogo, Goodland. Hapo safari imegawanyika nusu kwa nusu.

Sasa milima yenyewe. Ondoka alfajiri, na kama unaweza, usipange kupita huko Jumapili mchana wakati wa theluji, kwa sababu watu wote waliokwenda kuteleza kwenye barafu wanarudi Denver saa hizo hizo. Kabla ya kutoka nyumbani angalia hali ya barabara kwenye COtrip, tovuti ya barabara za Colorado, hasa Glenwood Canyon. Maporomoko ya matope yalilifunga korongo hilo kwa majuma mawili hivi mwaka 2021, na likifungwa hakuna mchepuko mfupi. Kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, kipande cha Dotsero hadi Morrison kina sheria ya matairi ya theluji au minyororo. Matairi vipara yatakuletea faini, au mabaya zaidi.

Ukielekea mashariki unapita handaki la Johnson, pacha wa lile la Eisenhower, zaidi ya futi 11,000 kutoka usawa wa bahari. Ukitoka tu, mteremko unaanza. Aliyewahi kushuka Kitonga anajua la kufanya: weka gia ndogo, injini ishike gari, breki uzitumie kwa vipindi. Usiziegemee muda wote mpaka zianze kunuka.

Kuna jambo moja nawaonyesha watoto kila tukipita. Pale juu wanakunywa maji, wanafunga kabisa chupa ya plastiki ikiwa na maji kidogo, kisha wanaiweka. Tukifika Denver chupa imebonyea yenyewe, kwa sababu hewa ya chini inasukuma kwa nguvu zaidi kuliko ile iliyofungiwa ndani. Jambo hilo hilo linagusa matairi: kipimo ulichosoma mlimani kitasoma pungufu ukishuka. Tairi haitabonyea kama chupa, ila asubuhi ya siku ya pili, kabla ya kuondoka na matairi yakiwa bado baridi, pima upepo upya. Na mafuta je? Colorado petroli ya kawaida ni ya oktani 85. Kwa kuwa unashuka, jaza 87 ukiwa Denver, ndiyo ambayo magari mengi yametengenezewa.

Baada ya Limon, mji ulio mashariki ya Denver, adui ni upepo. Ukiwa umekodi lori la kuhamia, au umefunga mizigo juu ya paa, utausikia unavyolisukuma gari pembeni, hasa unapopishana na malori makubwa. Machi 2025, karibu na Goodland, vumbi lilifunika I-70 na magari zaidi ya 70 yakagongana. Watu 8 walifariki. Ukiona ukuta wa vumbi mbele, tokea njia ya kwanza ya kutokea. Ukishakuta uko ndani yake, toka kabisa barabarani, zima taa zote, toa mguu kwenye breki na mbaki na mikanda. Taa ukiziacha zinawaka, anayekuja nyuma atazifuata akidhani gari lako linatembea. Mwambieni kila dereva mnayemjua.

Wakati wa theluji, barabara hii hufungwa kwa mageti, na vyumba vya miji midogo hujaa haraka sana. Chumba cha Burlington kiwekwe mapema, cha aina inayokubali kuahirishwa bila faini.

Siku ya pili usikimbilie kuondoka gizani. Jua linachomoza mbele yako, nawe unalitazama kwa saa nzima bila kilima cha kulizuia. Kunyweni chai kwanza. Halafu, kati ya Goodland na Colby, unaingia ukanda mwingine wa saa na saa inaruka moja mbele, kwa hiyo aliyewaahidi wenyeji kuwa mtafika saa kumi na mbili jioni alipaswa kuhesabu hilo.

Mkiwa na nafasi, tokeni Oakley mwende kusini kuona Monument Rocks, nguzo za chaki zilizobaki kutoka enzi ambapo Kansas ilikuwa chini ya bahari. Njia ya mwisho ni ya vumbi, kwa hiyo mvua ikinyesha achaneni nayo. Watoto wetu wanaikumbuka kuliko milima yote.

Namba za maili za Kansas zinaanza sifuri mpakani na kuongezeka kuelekea mashariki. Anayekaa mbele na dereva azisome kwa sauti mara kwa mara, ili mkihitaji kupiga 911 mjue mko wapi. Kuanzia Topeka kuna tozo, na tangu Julai 2024 hakuna kibanda cha kulipia: kamera inasoma namba ya gari na bili inatumwa kwa mwenye gari. Kama gari ni la kukodi, uliza kabla ya kulichukua wanatoza kiasi gani juu ya bili hiyo.