Mgongo umepewa asilimia 10: nipinge kwa njia ipi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Kenya niliyelitumikia Jeshi la Marekani hadi nikaumia mgongo. Idara ya wanajeshi wastaafu imekubali kwamba maumivu haya yametokana na utumishi wangu, lakini imenipa kiwango cha ulemavu cha asilimia 10 tu. Siku ya kupimwa nilikuwa na nafuu. Maumivu yakipanda, mke wangu ndiye anayenifunga kamba za viatu. Nifanyeje? (Msomaji, Texas)

JIBU: Ndugu msomaji, haki ya kupinga unayo, ila kwanza omba nakala ya ripoti ya upimaji uisome yote, kwa kuwa njia ya kufuata inategemea yaliyoandikwa humo. Kiwango cha mgongo wa chini hutegemea zaidi nyuzi unazoweza kuinama: anayevuka 60 bila kuzidi 85 hupewa asilimia 10, na anayevuka 30 bila kuzidi 60 hupewa 20. Ndiyo maana kipimo cha siku ya nafuu kinaweza kumdhulumu mtu kwa miaka mingi. Katika kesi ya Sharp dhidi ya Shulkin ya mwaka 2017, mahakama ya rufaa za wastaafu ilieleza kwamba mpimaji hawezi kukwepa kukadiria hali ya siku mbaya kwa sababu tu hakuishuhudia. Anapaswa kumwuliza mgonjwa na kuyazingatia majibu yake.

Ikiwa hakukuuliza, au alipuuza uliyomweleza, omba mapitio ya afisa wa ngazi ya juu, ambaye hapokei ushahidi mpya lakini akibaini kasoro hiyo anaweza kulirudisha faili ili upimwe tena. Ikiwa siku hizo mbaya hazijatajwa popote katika faili, wasilisha dai la nyongeza pamoja na maelezo ya mke wako yaliyotiwa saini, naye aandike anayoyaona mwenyewe: maumivu hupanda mara ngapi kwa mwezi, hudumu muda gani, na kazi zipi hukushinda. Ushahidi wa namna hiyo hupokewa, na mimi nauthamini sana. Bodi ya Rufaa nayo ipo, ingawa huchukua muda mrefu zaidi.

Usivuke mwaka mmoja tangu tarehe iliyo kwenye barua ya uamuzi, kwa sababu ukishinda baada ya hapo, malimbikizo kwa kawaida hayahesabiwi tena tangu dai la kwanza. Tafadhali usimlipe mtu kukujazia fomu: wawakilishi walioidhinishwa wa vyama kama Disabled American Veterans hufanya kazi hiyo bila malipo.