Wasomaji Wanauliza: Mwanga na Sauti katika Chumba cha Sinema Nyumbani

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetenga chumba kimoja katika nyumba yetu ya zamani hapa Chumbageni, Tanga, ili kiwe cha kutazamia filamu pamoja na familia. Kina urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Kuta ni za mawe, zimepigwa lipu na kupakwa rangi nyeupe ya mafuta, na sakafu ni ya marumaru. Nimefunga projekta na spika tano, lakini picha inaonekana imepauka hata usiku taa zote zikiwa zimezimwa, na maneno ya waigizaji yanamezwa na mwangwi. Fundi mmoja ananishauri nipake chumba chote rangi nyeusi. Mwingine anasema nibandike trei za mayai ukutani. Nimsikilize yupi?

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wa kwanza ameshika nusu ya jambo, na wa pili hajashika kitu. Projekta haina uwezo wa kutoa weusi. Weusi wa picha ni mahali ambapo mwanga haukufika. Mwanga unaotoka kwenye skrini yako hugonga kuta nyeupe zinazong'aa, hurudi, na kuangukia sehemu zile zile zilizotakiwa kubaki na giza, ndiyo maana picha hupauka hata usiku wa manane. Sauti nayo hugonga kuta hizo hizo na kumfikia msikilizaji kwa kuchelewa, neno la pili likiwa limekwisha kutamkwa.

Hata hivyo, mwanga hujali rangi ya ukuta, ilhali sauti hujali ugumu na unene wake. Ukuta wa mawe uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa utaiokoa picha, lakini utarudisha sauti vile vile ulivyoirudisha ulipokuwa mweupe. Trei za mayai ni karatasi nyepesi zinazogusa kidogo tu sauti nyembamba, na kwa kuwa hushika moto upesi, nisingependa kuziona karibu na nyaya za umeme.

Aliyetufundisha kulipima jambo hili ni Wallace Clement Sabine, mwanafizikia wa Harvard nchini Marekani, ambaye mwaka 1895 alipewa kazi ya kuurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo maneno hayakusikika, akawa anahamishia humo matakia ya ukumbi mwingine nyakati za usiku na kupima tofauti. Kwa kanuni yake, ujazo wa chumba huzidishwa kwa 0.161, kisha hugawanywa kwa eneo linalofyonza sauti. Chumba chako kina mita za ujazo 60, na kikiwa kitupu hakifyonzi zaidi ya mita za mraba 3 hivi, kwa hiyo sauti hudumu humo kwa zaidi ya sekunde 3 kabla ya kushuka kwa desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Ukitaka idumu sekunde 0.4, kiasi kinachofaa filamu, unahitaji ufyonzaji unaolingana na mita za mraba 24.

Kifaa kinachofanya kazi zote mbili kwa gharama moja ni pazia. Nunua mahameli nzito ya rangi ya kiza isiyong'aa, damu ya mzee au buluu iliyokolea, kitambaa kiwe na upana mara mbili ya ukuta ili kipate mikunjo, na kining'inie sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani, kwa sababu nafasi hiyo ya hewa huongeza ufyonzaji. Khanga na vitenge vitaficha weupe wa ukuta, lakini sauti itapita kana kwamba hakuna kitu. Anza na kuta zilizo karibu na skrini. Kupata mahali hasa sauti inapodunda, keti kitini na mwenzako atelezeshe kioo ukutani. Utakapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo. Sakafuni tandika zulia nene. Najua watu wa Tanga tutataka la mkonge, lakini kwa kazi hii ni jembamba mno.

Pazia halitashika besi, yaani sauti nzito. Wimbi la hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa mita 3.4, na kwa hilo utahitaji fremu nene za mbao zilizojazwa pamba ya madini (nyuzi za mawe au kioo zinazofanana na pamba), zisimamishwe kwenye kona.

Taa zifuate baada ya hayo yote: chache, za mwanga wa manjano, nyuma ya viti au chini karibu na sakafu, zisielekee skrini. Usitoboe dari ili kuzichomeka, kwani kila tundu ni njia ya sauti kutokea, na vikombe vya bati vya taa za kuchomeka huweza kutetemeka besi inapopigwa. Mchana fungua mapazia na madirisha, maana unyevu wa pwani yetu huleta ukungu, na msimu wa kaskazi chumba kilichofungwa hivyo huwa tanuri.

SWALI: Taa zangu za LED huvuma nikizipunguza mwanga, na filamu ikiwa kimya mvumo huo unaudhi. Tatizo ni nini? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Umeme wetu ni wa hezi 50, na dima (swichi za kupunguza mwanga) za kawaida hulikata wimbi lake mara 100 kwa sekunde, jambo linalotetemesha vipuri vilivyo ndani ya taa. Tumia taa zilizoandikwa kuwa zinakubali dima, pamoja na dima iliyotengenezwa kwa ajili ya LED. Kwanza, lakini, hakikisha mvumo unatoka kwenye taa: zima kikuza sauti usikilize tena. Mvumo ukikoma, basi ulikuwa unatoka kwenye spika. Tenganisha nyaya za mawimbi ya sauti na za umeme, na pale zinapolazimika kukutana zipishane kwa pembe mraba.