Kabla ya sampuli ya kwanza, kaeni chini mkubaliane

03/04 ni tarehe ngapi? Kwangu mimi ni tatu Aprili. Kwa mwenzetu aliyesomea Marekani ilikuwa nne Machi. Tuliligundua hilo baada ya miezi mitano ya utafiti, friza imejaa vichupa vya damu na madaftari mawili hayaelewani. Wiki mbili tulikesha tukilinganisha lebo na fomu, kimoja kimoja. Vichupa vilivyokosa fomu tukavitupa. Damu ya watoto wa watu, wamechomwa sindano bure.

Nawaandikia nyie mnaoanza uzamili, mliozoea tasnifu ya mtu mmoja na msimamizi wake. Ukitoka hapo, kazi nyingi utazikuta ni za timu, na timu haivunjwi na mambo makubwa, ila na madogo kama tarehe ile. Jambo la kwanza ni kupima kwa namna moja. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Ilibidi kwanza wakubaliane mgonjwa wa malaria ni nani: joto kuanzia nyuzi 37.5, na vimelea zaidi ya 5,000 katika kila maikrolita ya damu. Kila kituo kingejipimia kivyake, hesabu zisingejumlishika.

Jambo la pili ni majina ya waandishi kwenye makala, na hapa watu hununiana kweli kweli. Mwaka 2015 wanafizikia wa CERN, maabara kubwa ya fizikia huko Uswisi, walitoa makala yenye waandishi 5,154. Kati ya kurasa 33, kurasa 24 ni majina ya waandishi na taasisi zao tu. (Sidhani kama mama zao wangewatafuta humo wangewaona.) Sisi tulikuwa tisa tu, na bado mimi niliyezunguka vijijini na bodaboda miezi yote ile nikaishia kwenye shukrani, mstari wa mwisho. Nilipouliza, nikaambiwa nilipaswa kusema mapema. Iliniuma, lakini kweli sikuwa nimesema. Ulizeni siku ya kwanza, jibu liandikwe, hata kwenye kikundi cha WhatsApp.

Mradi wa sasa tulianza na kikao cha nusu siku kuhusu fomu tu. Tukabishana tarehe iandikweje, siku kwanza au mwaka kwanza, mpaka mama mmoja, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, akauliza kwa nini mwezi tusiuandike kwa herufi. Tukanyamaza. Ndivyo tunavyoandika mpaka leo, na safari hii jina lake limo kwenye orodha ya waandishi.